Mkate Mkubwa na Mkate Mdogo: Ugomvi wa Waingereza juu ya Ushuru wa Nafaka

Mwenye shamba huomba bei ya nafaka ipande. Mwenye mshahara, ambaye hununua unga wake dukani, huomba bei hiyo ishuke. Huenda wawili hawa wakawa ndugu wa baba mmoja, tena kila mmoja wao ana haki katika maombi yake. Je, Serikali iliyo kati yao imsikilize yupi? Katika nchi zote za Ulaya sidhani iko iliyobishana juu ya swali hili kwa muda mrefu na kwa ukali kama Uingereza. Ubishi huo ulidumu zaidi ya miaka mia moja, ukakipasua chama kimoja cha siasa mara mbili, na hata leo haujazikwa.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya neno lenyewe. Ushuru wa forodha ni wa namna mbili. Uko ule utozwao kwa ajili ya kuijaza hazina ya Serikali, kama vile ushuru wa chai katika nchi isiyoota chai. Huo haumkingi mtu yeyote. Namna ya pili ni ule utozwao makusudi ili kitu cha kigeni kiwe ghali, na kitu cha nyumbani kipate mnunuzi. Huo ndio ushuru wa kinga. Mlaji anaponunua mkate wa ngano ya kigeni hulipa ushuru huo, nao huingia Serikalini. Lakini anaponunua mkate wa ngano ya nyumbani pia hulipa, kwa sababu bei ya nyumbani nayo imepanda kwa ajili ya ushuru ule ule. Ila fedha hizo hazifiki Serikalini hata senti moja. Hubaki mkononi mwa mwenye nafaka. Msomaji akilishika jambo hili, yote yatakayofuata yatamwia mepesi.

Vita vya Waingereza na Wafaransa vilivyoanza mwaka 1793 viliifanya ngano ya kigeni iwe adimu. Katika mwaka 1812 bei ya ngano ilifika shilingi 126 na peni 6 kwa kwota moja, kipimo ambacho ni karibu magunia mawili na nusu ya kilo 90. Wakulima walifurahi, wakalima hata miteremko ya vilima ambayo haikuwa imeguswa na jembe, na wengi wao wakakopa fedha. Amani ilipokaribia, bei ikaanguka. Ndipo Bunge likapitisha Sheria ya Nafaka ya mwaka 1815, iliyokataza ngano ya kigeni isiuzwe nchini mpaka bei ya nyumbani ifike shilingi 80 kwa kwota. Ngano ya makoloni ya Amerika ya Kaskazini ilihurumiwa kidogo: iliruhusiwa bei ilipofika shilingi 67. Siku hizo Bunge lilikuwa mikononi mwa mabwana wenye ardhi, na watu wenye haki ya kupiga kura walikuwa wachache sana. Mswada ulipokuwa ukijadiliwa, makundi ya watu wa London yalizishambulia nyumba za wakubwa, na askari wakawekwa kulilinda Bunge lenyewe. Sheria ikapita.

Haikufanya kazi vizuri, hata kwa wale walioitunga. Bei haikukaa pale ilipotakiwa kukaa. Mara ilipanda, mara ilianguka. Mwaka 1828 Serikali ya Duke wa Wellington ikaleta mpango mwingine, wa ushuru upandao na kushuka kama ngazi: bei ya nyumbani ikiwa chini, ushuru uwe mkubwa; bei ikipanda, ushuru upungue, hata ikifika shilingi 73 ushuru uwe shilingi moja tu. Kwenye karatasi mpango huu ulikuwa mzuri. Lakini wafanya biashara si wajinga. Waliiweka ngano yao katika ghala za forodha, wakangoja bei ipande na ushuru ushuke, kisha wakaitoa yote kwa mara moja. Bei ikaporomoka, na mkulima aliyekuwa bado hajauza yake akapata hasara katika majuma yale yale ambayo alitarajia faida.

Hapa inafaa tuulize: mkulima huyo alikuwa nani? Kwa maana mabwana wenye ardhi walipokuwa wakisimama Bungeni walisema wanamtetea mkulima. Lakini katika Uingereza ya siku zile ardhi ilikuwa ya bwana. Aliyeilima alikuwa mpangaji aliyemlipa bwana kodi ya shamba. Na aliyeshika jembe alikuwa kibarua wa mpangaji. Bei ya ngano ikipanda, bwana huongeza kodi ya shamba mkataba unapokwisha, na faida ya mpangaji ikaishia hapo. Mwalimu mkubwa wa elimu ya uchumi, David Ricardo, aliliona jambo hili mapema akaliandika: nafaka ikiwa ghali, anayenufaika mwisho wa yote ni mwenye ardhi. Na kibarua je? Kusini mwa Uingereza, kati ya karne ile, alipata kama shilingi 8 au 9 kwa juma, na sehemu kubwa ya fedha hizo ikaishia kwenye mkate. Alilima ngano, naye akashindwa kuinunua. Katika maneno yote yaliyosemwa Bungeni juu ya mkulima, huyu ndiye aliyetajwa mara nyingi na kuulizwa mara chache.

Hata hivyo, si haki kuwafanya mabwana wale kuwa walafi tu. Walikuwa na hoja, na moja yao ilikuja kuonekana kuwa ya kweli baadaye. Walisema kwamba taifa linalotegemea chakula cha ng'ambo litashikwa koo siku ya vita. Walisema pia kwamba ardhi ndiyo iliyobeba mzigo wa kuwatunza maskini wa kila parokia, kwa hiyo ilistahili kupewa kinga.

Upinzani ulitoka Manchester, mji wa viwanda vya pamba. Huko, mwaka 1838, watu walikutana wakaanzisha umoja, na mwaka uliofuata ukawa Chama cha Kupinga Sheria za Nafaka. Kiongozi wake alikuwa Richard Cobden. Alizaliwa mwaka 1804, mtoto wa mkulima wa Sussex ambaye shamba lilimshinda, naye akajipatia mali kwa biashara ya vitambaa vya pamba vya maua. Mwenziwe alikuwa John Bright wa Rochdale, mwenye kiwanda cha kusokota pamba, mtu wa dhehebu la Marafiki, ambalo hapa Kenya twalijua kwa misheni ya Kaimosi iliyoanzishwa mwaka 1902. Mwaka 1841 Bright alifiwa na mkewe kijana. Cobden alimwendea kumpa pole, kisha akamwambia kwamba wakati ule ule yako maelfu ya nyumba ambamo wake na watoto wanakufa kwa njaa. Uchungu ukipungua, na afuatane naye, wala wasipumzike mpaka sheria ile ifutwe. Bright mwenyewe ndiye aliyeisimulia habari hii uzeeni. Tangu hapo wakawa kama mikono miwili ya mtu mmoja, Cobden akieleza na Bright akiwasha moto.

Chama hiki kilifanya kazi kwa namna ambayo vyama vingi vya siku hizi bado huiga. Mwaka 1840 Serikali ilikuwa imeanza posta ya peni moja, basi Chama kikatuma vijitabu vyake kwa mamilioni kila pembe ya nchi. Kilijenga jumba la mikutano Manchester, katika kiwanja ambacho mwaka 1819 askari wa farasi waliwashambulia na kuwaua watu waliokusanyika kudai haki zao. Kiwanja hicho kilikuwa mali ya Cobden. Mwaka 1843 James Wilson alianzisha gazeti liitwalo The Economist kwa kuitetea biashara huru, nalo lachapwa mpaka leo. Tena, kwa kuwa sheria ya uchaguzi ilimpa kura ya wilaya mtu yeyote mwenye mali ya ardhi iletayo shilingi 40 kwa mwaka, Chama kiliwahimiza watu wake wanunue viwanja vidogo ili wawe wapiga kura. Wenye ardhi walikasirika sana kuona ardhi yenyewe ikitumiwa kuwapiga.

Si maskini wote waliokiamini Chama hicho. Wako wafanya kazi wengi, hasa wale waliodai kila mtu mzima mwanamume apewe kura, waliosema kwamba wenye viwanda wanataka mkate rahisi ili wapate kupunguza mishahara. Cobden aliwajibu kwamba mshahara haufuati bei ya mkate. Wafuata wingi wa kazi. Mgeni akiruhusiwa kutuuzia ngano, alisema, atapata fedha za kununua nguo zetu, na viwanda vitahitaji mikono zaidi. Jibu hilo lina nguvu, lakini naona wale waliokuwa na shaka hawakuwa wapumbavu. Mtu aliyezoea kupunjwa hukitazama mara mbili hata kile anachopewa bure.

Waziri Mkuu wa wakati huo alikuwa Sir Robert Peel. Yeye mwenyewe alikuwa mwana wa mwenye kiwanda cha pamba, lakini chama chake, Conservative, kilishinda uchaguzi wa mwaka 1841 kwa kura za wenye ardhi waliotumaini atawalinda. Peel alikuwa mtu wa hesabu. Mwaka 1842 alipunguza ushuru wa vitu vingi, na ili hazina isipungukiwe akarudisha kodi ya mapato, peni 7 katika kila pauni kwa wenye mapato yazidiyo pauni 150 kwa mwaka. Makarani wanaosoma gazeti hili, ambao kodi hiyo hukatwa katika mishahara yao kabla hawajaiona, wakumbuke jina hilo. Husimuliwa kwamba mwezi wa Machi 1845, Cobden alipokuwa akihutubia Bungeni, Peel alikuwa akiandika hoja za kumjibu. Kisha akaikunja karatasi yake, akamwambia mwenziwe aliyekaa karibu naye ajibu yeye, kwa kuwa yeye Peel hawezi.

Mwaka huo huo ugonjwa uliingia katika viazi vya Ireland. Viazi ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini wa huko, mamilioni yao wasio na kingine, navyo vikaoza ardhini na ghalani. Peel alinunua kwa siri mahindi ya pauni 100,000 kutoka Marekani. Hapo pana habari itakayowashangaza wasomaji wetu waliokuzwa kwa ugali: Waireland wengi hawakujua mahindi ni nini. Yalikuwa magumu, vinu vyao havikuyaweza, ikabidi yasagwe mara mbili. Wengine waliyala yakiwa hayajaiva, wakaumwa na matumbo. Kwa rangi yake ya manjano wakayaita kiberiti cha Peel. Hata hivyo yalisaidia, na katika majira yale ya kwanza ya njaa yaliokoa watu wengi.

Peel aliona kwamba haiwezekani Serikali itumie fedha za watu kununua chakula kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ikizuie chakula mlangoni. Akaona tena kwamba mlango ukishafunguliwa, hapana mtu atakayethubutu kuufunga. Mawaziri wake wengi hawakukubali. Akajiuzulu mwezi wa Desemba 1845. Kiongozi wa upinzani, Lord John Russell, alishindwa kuunda Serikali. Peel akaitwa tena. Usiku wa tarehe 15 Mei 1846 mswada wa kuziondoa Sheria za Nafaka ulipita katika Baraza la Makabwela kwa kura 327 dhidi ya 229. Wabunge 222 wa chama chake mwenyewe walimpinga, wakiongozwa na Lord George Bentinck na Benjamin Disraeli, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wembe. Tarehe 25 Juni Baraza la Malodi nalo likakubali, kwa kuhimizwa na Wellington. Na usiku ule ule wapinzani wakaungana wakamshinda Peel katika mswada mwingine juu ya Ireland. Siku chache baadaye akaondoka madarakani, wala hakurudi. Chama chake kilipasuka vipande viwili.

Ushuru ulipunguzwa hatua kwa hatua, na kuanzia tarehe 1 Februari 1849 ukabaki shilingi moja tu kwa kwota. Lakini yapasa kusema wazi kwamba sheria hii haikuiokoa Ireland. Viazi viliharibika tena mwaka 1846, na katika miaka ile kama watu milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na zaidi ya milioni moja wakahama. Mtu asiye na senti mfukoni hasaidiwi na kupungua kwa bei.

Tena maangamizi ya wakulima wa Kiingereza yaliyotabiriwa hayakutokea, hata watu wakawacheka waliotabiri. Yalikuja baada ya miaka 30. Reli za Marekani ziliifikia ardhi pana ya nyanda za huko, meli za moshi zikapunguza gharama ya kuvuka bahari, na kuanzia miaka ya 1870 ngano rahisi ikamiminika. Mwaka 1894 bei ilikuwa shilingi 22 na peni 10 kwa kwota. Linganisha na zile shilingi 126! Vibarua walihamia mijini au ng'ambo, na mashamba mengi ya ngano yakawa malisho. Ujerumani ilijikinga kwa ushuru mwaka 1879; Uingereza haikufanya hivyo. Mfanya kazi wa mjini alikula vizuri kuliko babu yake alivyopata kula, na mwenye shamba akalipa gharama.

Ndipo akatokea Joseph Chamberlain. Alikuwa amejipatia mali Birmingham kwa kutengeneza parafujo, akawa Waziri wa Makoloni tangu mwaka 1895. Mwisho wa mwaka 1902, akiwa safarini kwenda Afrika ya Kusini, alishuka Mombasa akapanda gari la moshi la reli ya Uganda, ambayo ilikuwa bado mpya. Aliporudi kwao alitoa hotuba Birmingham, tarehe 15 Mei 1903, iliyowashtua watu: makoloni yafungwe pamoja na Uingereza kwa ushuru, bidhaa za wageni zitozwe na za makoloni zipendelewe. Mwezi wa Septemba akajiuzulu ili ahubiri jambo hilo kwa uhuru, na tarehe 6 Oktoba, Glasgow, akataja hesabu zake: shilingi 2 kwa kwota ya nafaka ya kigeni, asilimia 5 kwa nyama na vyakula vya maziwa, asilimia 10 kwa bidhaa za viwanda. Mahindi hayatatozwa kitu, alisema, kwa kuwa ni chakula cha watu walio maskini kabisa.

Adui zake wakakamata neno moja tu, mkate. Walibandika picha kila mahali: mkate mkubwa wa biashara huru, na mkate mdogo wa Chamberlain. Naye hakukubali kuchekwa. Mwezi wa Novemba mwaka huo, katika mkutano mkubwa Birmingham, alionyesha mikate miwili mezani, mmoja wa unga bila ushuru na mwingine uliopunguzwa kwa kadiri ya ushuru wake, akawauliza watu waseme upi ndio mkubwa. Tofauti ilikuwa ndogo hata jicho halikuiona vyema, na ukumbi wote ukacheka. Ulikuwa ujanja mzuri, lakini haukutosha. Bwana Asquith alimfuata mji kwa mji akizijibu hotuba zake. Kijana mmoja wa Conservative, Winston Churchill, alivuka akakaa na Liberal mwaka 1904 kwa ajili ya jambo hili. Na katika uchaguzi wa mwaka 1906 upande wa Chamberlain ulirudi Bungeni na viti 157 tu. Miezi michache baadaye akapooza, hakuhutubia tena, akafa mwaka 1914.

Vita vya mwaka 1914 viliwakumbusha Waingereza hoja ile ya zamani. Wakati huo karibu sehemu nne katika tano za ngano yao zilitoka ng'ambo, na mwaka 1917 manowari za chini ya maji za Wajerumani zilizamisha meli nyingi hata nchi ikaingiwa na hofu ya njaa. Tayari mwaka 1915 ushuru wa theluthi moja ya bei ulikuwa umewekwa kwa motokaa, saa na vitu vingine vichache. Lakini Bwana Baldwin alipokwenda kwa wapiga kura mwaka 1923 kuomba ruhusa ya kuweka ushuru zaidi, alishindwa. Kilichougeuza moyo wa nchi ni dhiki kuu ya biashara iliyoanza mwaka 1929, watu mamilioni wakikaa bila kazi. Tarehe 4 Februari 1932 Waziri wa Fedha alisimama Bungeni kuleta ushuru wa asilimia 10 kwa bidhaa nyingi za kigeni. Alikuwa Neville Chamberlain, mwana wa Joseph, naye alimtaja baba yake katika hotuba ile. Katika majira ya joto ya mwaka huo mkutano wa Ottawa ukakubali bidhaa za nchi za himaya zipendelewe.

Afrika ya Mashariki ilikuwa na jambo lake. Kwa mapatano ya Berlin ya mwaka 1885, na yale ya Saint-Germain ya mwaka 1919, Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa ndani ya eneo ambalo bidhaa za mataifa yaliyotia sahihi zilipaswa kutozwa sawasawa. Kwa hiyo hata baada ya Ottawa nguo za Lancashire hazikupendelewa Mombasa, na katika miaka ya 1930 nguo rahisi za Japani zilijaa madukani. Wazee wetu wengi walivaa hizo. Lakini mapatano yale hayakukataza ushuru wa kinga uliotozwa kwa wote sawa. Basi walowezi wa Kenya, wana wa taifa la biashara huru, waliomba na kupata ushuru juu ya ngano na unga wa kigeni katika miaka ya 1920, na Uganda na Tanganyika zikanung'unika kwamba zinalipa bei ya juu ili mashamba ya Kenya yastawi. Bwana wa ardhi wa mwaka 1815 angejisikia yuko nyumbani Njoro.

Uingereza ilipojiunga na umoja wa biashara wa Ulaya mwaka 1973, ililazimika kuirudisha kinga ya nafaka kwa kanuni za umoja huo, miaka 127 baada ya Peel. Ilijitoa mwaka 2020. Mwezi wa Desemba mwaka huo ilitia sahihi mapatano na Kenya, yaliyoanza kutumika mwaka 2021: chai, maua na mboga za Kenya huingia Uingereza bila ushuru, na Kenya nayo ilikubali kuziondolea ushuru bidhaa nyingi za Uingereza polepole kwa muda wa miaka mingi. Mazao kadhaa ya shamba yaliachwa nje ya orodha hiyo, ili yaendelee kukingwa.